Historia ya maigizo ya Afrika iko kwenye makaratasi ya waliotaka kuyazima (uzi mrefu, karibuni mnipinge)

Kinyago Mzee (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Vijana wanaosoma sanaa za maonyesho wamekuwa wakilalamika humu kwamba somo la historia ya tamthilia linaanzia Athens, linapita London, na likifika Afrika linaanza na mmishonari na shule yake. Kabla ya hapo kimya. Ukiuliza, unajibiwa kwamba hakuna maandishi. Hata mtafiti Ruth Finnegan, aliyeithamini fasihi simulizi yetu kuliko wengi wa zama zake, aliandika mwaka 1970 kwamba tamthilia si utanzu ulioenea wala kukomaa Afrika ukilinganisha na Ulaya Magharibi na Asia. Hakuwa na nia mbaya. Alitafuta kisa kinachoigizwa na wahusika wanaojibizana, akakikuta kwa nadra.

Hoja yangu ni moja. Maandishi yapo, ila tunayatafuta kwenye rafu ya tamthilia wakati yamelala kwenye rafu za polisi, mahakama, misheni na wasafiri. Aliyetaka kulizima onyesho, au aliyechekwa ndani yake, mara nyingi ndiye aliyetuachia maelezo.

Tuanze na mwaka 1826. Msafiri Mskoti Hugh Clapperton ni mgeni wa Alaafin, mfalme wa Wayoruba, katika Oyo ya Kale (Nigeria ya leo), mji ambao kwenye daftari lake anauita Katunga. Anaandaliwa onyesho. Wanatoka watu waliojifunika magunia, wanaruka na kucheza. Sehemu ya pili wanamkamata chatu, naye chatu ni mtu. Sehemu ya tatu wote wanasogea nyuma, linabaki gunia moja katikati ya uwanja. Linashuka polepole, kinachomoza kichwa cheupe, umati unapasuka kwa kelele. Gunia likiisha kuanguka anaonekana mzungu mwembamba wa kusikitisha, aliyekondeshwa na baridi, ananusa ugoro, anasugua viganja, anatembea kama mtu aliyevuliwa viatu akaambiwa akanyage barafu. Clapperton anasema watazamaji walikuwa wakiwageukia yeye na wenzake kutaka kujua kama kazi imepatia!

Sasa niambieni hapo kinakosekana nini. Sehemu tatu zimepangwa, kufichua kumepimwa hadi mwisho, na yupo mwigizaji aliyemchunguza mzungu mpaka namna anavyoshika ugoro. Wayoruba wanao wasanii wa aina hii, alarinjo, waliochipuka kutoka kwenye egungun, ibada ya vinyago vya wahenga, na kuanza kutembea mji kwa mji. Sisi tunaijua jioni ile kwa sababu mmoja wa waliochekwa alikuwa na kalamu na moyo mpana.

Ruka zaidi ya miaka mia, nchi ile ile. Hubert Ogunde, polisi aliyeacha kazi, anaunda kundi lake na kuigiza mgomo mkuu wa Nigeria wa 1945. Kule Jos anaishia mikononi mwa polisi. Mwaka 1950 anapanda jukwaani na mauaji ya wachimba makaa ya mawe wa Enugu, wale 21 waliopigwa risasi Novemba 1949. Mwaka 1964 nchi iko huru, anatoa *Yoruba Ronu*, na serikali ya Mkoa wa Magharibi inamfungia milango. Anajibu kwa onyesho jingine, *Otito Koro*, yaani ukweli mchungu. Marufuku iliondolewa baada ya jeshi kuchukua nchi mwaka 1966. (Huyu mzee ndiye pia aliyewaoa waigizaji wake wengi wa kike ili wasimkimbie wakiolewa. Hiyo nayo ni historia ya tamthilia, tusijifanye hatuioni.)

Kwa hiyo mnaosoma mfungue mafaili ya marufuku. Karibuni.

Sumni

Nimevuta mkeka. Hapo kwa Clapperton nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Kijana wa Mwaka wa Pili

Shikamoo mkuu. Naomba kuuliza bila ubishi. Sisi tumefundishwa kwamba ngoma ni ngoma, ibada ni ibada, na tamthilia ni tamthilia. Egungun ni mizimu ya wahenga inayorudi, anayecheza hajioni anaigiza. Tukiita kila kitu tamthilia, si tutabaki bila kitu cha kusoma?

Kinyago Mzee

Marahaba. Swali zuri, na mwalimu wako hajakosea kudai mipaka. Ila muulize mbona mipaka hiyo haiwagusi Wagiriki. Mashindano yao ya tamthilia yalikuwa sehemu ya sikukuu ya mungu Dionysus, kukiwa na kafara na makuhani, na hakuna anayewafukuza darasani kwa sababu ya ibada. Halafu kule Misri kuna jiwe la Ikhernofret, afisa aliyetumwa Abydos na mfalme Senusret wa Tatu, karibu miaka 3,800 iliyopita. Anasimulia alivyoandaa safari ya Osiris: jahazi takatifu, mapambano na maadui wa mungu, kurudi hekaluni. Wapo wanaosema ni maigizo, wapo wanaosema ni maandamano ya ibada tu. Mimi sifi kwa ajili ya Misri. Nataka tu mizani iwe moja kwa wote.

Na hao alarinjo ndio jibu lako. Vazi lile lile la egungun, mbinu zile zile, lakini uwanjani kuna mzungu wa kuchekesha na watu wanaulizana kama amepatia. Ukishasikia mtazamaji anauliza hivyo, umeshatoka kwenye ibada tupu.

Mama Upatu

Mleta mada nakuheshimu, lakini hoja yako ina tundu, na humo wametumbukia wanawake wote.

Faili la mtawala linaandika kile alichokiona na kukiogopa. Aliona nini? Aliona beni, ngoma ya mashindano inayoiga bendi za jeshi. Wanaume wamevaa sare, wanapita barabarani na matarumbeta, wana vyeo vya kingi na jenerali, kuna vikundi hasimu vya Marini na Arinoti, kutoka mwambao wa Kenya mpaka bara, na Vita ya Kwanza ikaisambaza zaidi kupitia askari na wapagazi. Ikifanana na jeshi lazima mkoloni ashtuke, na kweli mwishoni mwa vita maofisa wa Kiingereza waliandikiana kwa hofu wakidhani ni njama. Ndiyo maana leo tuna vitabu kuhusu beni. Maskini, wale walikuwa wanashindana kwa mavazi, madaha na kulisha watu mpaka wengine wakaingia madeni.

Sasa mimi nimekulia Lindi. Unyago hauna jukwaa barabarani. Uko ndani, au porini, na mlango una mlinzi. Mle ndani kuna kungwi anayeongoza kila kitu: nani aingie lini, nani amwigize mume mlevi, nani amwigize mama mkwe, wimbo gani uje baada ya upi, mwali acheke au anyamaze. Ungemwona bibi wa miaka sabini akiigiza bwana harusi mwoga ungemsahau huyo chatu wa Oyo. Afisa wa wilaya hakuona hata siku moja. Asichokiona hakukipiga marufuku, na kwa kanuni yako kisichopigwa marufuku hakina historia.

Nakupa mfano wenye maandishi. Mwaka 1931 Audrey Richards, mwanaanthropolojia mwanamke, aliruhusiwa na wanawake wa Kibemba, kaskazini mwa Zambia ya leo, kukaa ndani ya chisungu, yaani unyago wao, cha mabinti wawili kwa siku 23. Aliandika kuhusu nachimbusa anayeongoza, vinyago vya udongo viitwavyo mbusa, kila kimoja na wimbo wake, vinavyofinyangwa kwa jasho halafu vinavunjwa. Kitabu kilitoka 1956. Hakuna polisi wala marufuku hapo. Alikaa, akapewa kazi, akauliza, na mara nyingine wenyewe wakamjibu kwamba maana ya wimbo ule hawaijui. Nusu nzima ya historia yetu ilifichwa makusudi na wenyewe, na polisi hana faili lake.

Sumni

Mama Upatu kamwaga maji kwenye unga. Mleta mada rudi.

Kinyago Mzee

Nimerudi, na sina ubishi juu ya unyago. Nachoongeza ni kwamba hata anayeogopa huandika zaidi ya anachokusudia. Tutoke Afrika kidogo, kwa sababu watu wa asili wa Amerika wamepitia barabara hii hii.

Pwani ya British Columbia, Kanada, wanaishi Wakwakwaka'wakw. Shughuli yao kubwa ni potlatch: mwenyeji anaalika koo nyingine, anaonyesha ngoma na vinyago ambavyo ukoo wake una haki navyo, anatangaza majina na vyeo, halafu anagawa mali kwa walioshuhudia. Aliyepokea zawadi ndiye shahidi. Kwa ufundi wa jukwaa, hawa wako mbali sana. Vinyago vya ndege vyenye midomo inayofunguka kwa kamba. Kinyago kinachopasuka na ndani yake kuna uso mwingine. Mashimo sakafuni ya mtu kutokomea. Mirija ya mwani mkubwa wa baharini imepitishwa chini ya ardhi ili sauti itokee katikati ya moto.

Kanada ilitunga sheria ya kuizuia mwaka 1884 na ikadumu hadi 1951. Krismasi ya 1921 kukafanyika potlatch kubwa Village Island, wakala wa serikali akapata habari, watu 45 wakashtakiwa. Sasa soma mashtaka: kutoa hotuba, kucheza, kupanga vitu vya kugawa, kubeba zawadi kuwapelekea wageni. Wakuu, hiyo ni orodha ya wahusika! Mahakama bila kujua imetuambia nani alikuwa msemaji, nani mchezaji, nani mwendesha shughuli. Waliokubali kusalimisha vinyago na mali za ngoma waliachiwa kwa sharti, wengine zaidi ya ishirini wakapelekwa gerezani Oakalla, miezi miwili au mitatu. Vile vinyago vikatawanywa kwenye majumba ya makumbusho. Vilipoanza kurudishwa, sharti likawa vijengewe nyumba, na ndipo kituo cha utamaduni cha U'mista kikafunguliwa Alert Bay mwaka 1980. Ukiingia kusoma pale, faili la kesi na vinyago vyenyewe vinasomwa pamoja, na wazee wanakueleza haki ya kucheza kila kimoja ni ya nani. Faili peke yake lisingetosha, hapo Mama Upatu ana haki. Lakini bila faili tusingejua nani alifungwa kwa kucheza.

Wa Limuru

Habari zenu ndugu. Nasoma kutoka Kenya na hapa ni nyumbani kwa jambo hili, kwa hivyo niongee.

Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Gĩkũyũ iliyochezwa kijijini Kamĩrĩĩthũ, ilianza Oktoba 1977 na kibali kikafutwa Novemba. Mwandishi wake Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa siku ya mwisho ya Desemba, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Machi 1982, baada ya tamthilia nyingine, Maitũ Njugĩra, kuzuiwa, ukumbi wenyewe ukabomolewa. Hayo yote yamo kwenye faili, sawa.

Lakini amri ya kufuta kibali haikuelezi ukumbi ulijengwa na nani. Ulijengwa na wanakijiji wenyewe, wazi juu, wa kubeba watu kama elfu mbili. Haikuelezi kwamba mazoezi yalifanywa mbele ya watu, na mzee akisikia Gĩkũyũ kimeharibiwa anasimama kusahihisha. Wafanyakazi wa mashamba na viwanda walisema mshahara haulipwi vile mlivyoandika, unalipwa hivi, na maneno yakabadilishwa. Ngoma za zamani zilifundishwa na waliowahi kuzicheza. Siku ya kwanza mtazamaji alikuwa ameshajua mistari kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Mtu wa serikali aliona siasa. Hakuona kwamba kilichokuwa kikifanyika ni njia ya utunzi. Hilo tunalijua kutoka kwa waliokuwemo, si kutoka kwa mkuu wa wilaya.

Na nitaongeza la kuudhi kidogo: sisi Wakenya tukitaja Kamĩrĩĩthũ tunataja jina moja. Ngũgĩ wa Mĩriĩ aliandika pamoja naye. Kĩmani Gecaũ aliongoza. Wale akina mama walioimba hatuwataji kabisa.

Mwana wa Dedza

Mimi ni Mchewa wa Malawi, Kiswahili nimekijifunzia Mbeya, mnisamehe nikiteleza. Naona mnaongea marufuku tu. Gule Wamkulu, ngoma yetu kubwa ya vinyago, ilipigwa vita na wamisheni tangu mwanzo, wakasema ni ushetani na inawatorosha watoto shule. Nyau, yaani chama cha siri cha wachezaji wake, nao wakajibu kwa vinyago. Yupo Simoni, uso mwekundu, mzungu. Yupo Maliya, jina la Bikira Maria. Kwa hiyo kila aliyetugombeza alikuta ameingizwa kwenye mchezo. Mpaka leo likija jambo jipya kijijini linachongewa kinyago.

Lakini adui wa pili hakupiga marufuku, alikumbatia. Rais Kamuzu Banda aliisifu Gule, akaileta kwenye sherehe za taifa, na wanawake wakatakiwa kumchezea kila anapokwenda wakiwa wamevaa vitenge vyenye sura yake. Onyesho ambalo kijijini linamsindikiza marehemu, usiku, lina mpangilio wake wa kutoka kwa wanyama na vinyago, likawa dakika chache uwanja wa mpira. Mwaka 2005 UNESCO wakaitangaza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu, sisi, Msumbiji na Zambia. Heshima kubwa, lakini mtalii naye anataka dakika chache. Ukisoma mafaili ya Banda utakuta sifa tupu. Utajuaje kilichokatwa?

Na jambo jingine kwa wanafunzi. Ukimwona chirombo, yaani kinyago cha Gule kikicheza, usiulize ni nani ndani. Kwetu si mtu. Wapo watafiti wanaokuja na kamera kutaka kujua jina, wanaondoka na jina na hawajaona chochote.

Mama Upatu

Mwana wa Dedza, asante sana. Hiyo ya kukumbatia na huku kwetu ipo. Desemba 1962 Nyerere alitangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasema wazi kwamba mkoloni alitufanya tuzionee aibu ngoma zetu. Nia njema kabisa. Baada ya hapo ngoma ya kukesha ikawa ya kumpokea mgeni uwanja wa ndege, mistari miwili, tabasamu, basi. Penina Muhando na Amandina Lihamba walipoanza miaka ya themanini kwenda vijijini, Malya na kwingineko, kufanya sanaa ya maonyesho kwa maendeleo, kazi mojawapo ilikuwa kuirudishia ngoma mdomo wake: wanakijiji wachague tatizo, walicheze kwa ngoma na majigambo ya kwao, halafu wajadiliane.

Kijana wa Mwaka wa Pili

Naomba turudi kwa watu wa asili wa Amerika. Mkuu, kuna walioandika tamthilia yao wenyewe, si kupitia mahakama?

Kinyago Mzee

Yupo mmoja wa kutosha muhula mzima. *Rabinal Achí*, ya Wamaya wa Rabinal, Guatemala, yenye asili ya karne ya 15. Shujaa wa Wakiche ametekwa na shujaa wa Rabinal, anashtakiwa mbele ya mfalme, anahukumiwa kufa. Hadithi nyembamba, ila uzito uko kwenye kujibizana. Kila mmoja hurudia kwanza maneno ya mwenzake, ndipo ajibu. Mateka hakatai kosa. Anaomba kinywaji cha mfalme, anaomba kucheza na binti wa pale, mwishoni anaomba siku 260, mzunguko mzima wa kalenda yao takatifu, akaage milima na mabonde ya kwao. Anakwenda, anarudi mwenyewe, anauawa.

Wahispania waliziandama ngoma za mateka za aina hiyo. Hii ikasalia. Mwaka 1850 Bartolo Sis, mtu wa Rabinal, aliiandika ili isipotee. Miaka michache baadaye padri Mfaransa Brasseur de Bourbourg, paroko wa pale, akaipata na kuichapisha Ulaya mwaka 1862. Mpaka leo huchezwa Januari, sikukuu ya Mtakatifu Paulo, kwa vinyago, ngoma ya gogo na tarumbeta. Kwa hiyo padri yumo, lakini aliyetangulia kushika kalamu ni mwenyeji.

Kijana wa Mwaka wa Pili

Shukrani wakuu. Mimi ni Msukuma, nadhani nitaacha mada niliyopewa ya Shakespeare mashuleni nifanye mashindano ya Bagika na Bagalu, pande mbili za ngoma zetu. Nyumbani kila mtu ana upande wake. Nianze kwenye makumbusho ya Bujora, wakati wa sikukuu ya ngoma ya Bulabo?

Kinyago Mzee

Nenda, ni mwezi Juni. Lakini kumbuka Bulabo ya Bujora imefungamana na sikukuu ya Ekaristi, na aliyeijenga makumbusho ile ni padri wa Kanada, David Clement. Tofauti na wamisheni aliowataja Mwana wa Dedza, huyu aliikaribisha ngoma kanisani. Soma kwanza misheni ilibakisha nini na kuacha nini.

Mama Upatu

Mwanangu, usianze na wachezaji, watakupa majibu waliyozoea kuwapa wageni. Bagika na Bagalu wanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi. Maana yake mtazamaji akihama, ndiye aliyeamua. Simama katikati. Ukimwona mama kabeba mtoto kavuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, mfuate umuulize ameona nini huku. Atakwambia nyoka, au fisi, au dawa ya manju (kiongozi wa ngoma), au kwamba kule walirudia kichekesho cha mwaka jana. Andika saa. Halafu usiku, wakishakula, ndipo uende kwa manju na hilo daftari.

Sumni

Na ukienda upande wa Bagalu usiseme ukoo wenu ni Bagika. Utalala njaa.